Gauni Fupi la Kituoni

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi wangu Ngamiani, Tanga, kushona gauni la harusi ya mtoto wa jirani. Fundi akakunjua kitambaa mezani, na ile harufu ya nguo isiyowahi kuguswa na maji, harufu ya wanga iliyochanganyika na mafuta ya cherehani, ikanipanda puani. Kabla utepe wake haujanifika begani nikajikuta nimekunja magoti. Si kidogo, mpaka fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kuwa goti linanisumbua, ndiyo mambo ya umri. Nilimdanganya. Goti langu ni zima kabisa. Kilichonikunja ni woga wa zamani, ambao nilidhani nimeuacha Maramba nilikokulia, nikiwa na miaka minane au tisa.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile bila kuelezwa. Kwanza vitu viliadimika: sabuni hakuna, tukafua kwa majani ya mpapai, kanga hakuna, mama mzima akawa na jozi moja, akiifua anajifungia ndani mpaka ikauke. Unga ulikuwa wa yanga, ule wa mahindi ya manjano ya msaada, na tuliupigania hivyo hivyo. Kisha vitu vikarudi dukani ghafla, rafu zikajaa, na sasa kilichoadimika kikawa pesa. Shamba la mkonge lililokuwa likilisha nusu ya majirani zetu likafungwa. Shuleni wakaanza kutaka mchango, na zahanatini nako ukiingia unaulizwa umekuja na nini. Mimi niliyaona hayo kwa macho ya mtoto, yaani nilihesabu mara tulizokula, basi.

Lakini lazima nianze na dada yangu Zaina, maana bila Zaina hamtanielewa.

Baba yetu alikuwa Mpemba. Alivuka maji akiwa kijana, akafanya kazi hii na ile, akaishia Maramba kwenye korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge. Hapo ndipo alipomwoa mama, ambaye ni Mdigo wa hapo hapo. Baba alifariki kwa homa ya siku tatu. Mama alipotoka eda, shangazi Mize, dada yake baba, akaja kutoka Pemba kutuangalia. Shangazi alikuwa mwanamke mnene wa polepole, mwenye harufu ya karafuu hata kwenye kiganja, na hakujaliwa mtoto. Kwetu hilo halikuwa siri wala aibu. Mtu asiyejaliwa hupewa mtoto wa ndugu yake akamlee, na mtoto mwenyewe haulizwi. Sijapata kumsikia mtu akiita jambo hilo kuuza, wala kutupa. Waliita kupeana.

Siku ile shangazi alimsimamisha Zaina uani akampima kwa uzi. Alipima kutoka bega hadi kifundo cha mguu, akafunga fundo. Akapima kifua, akafunga fundo la pili. Akauviringisha uzi akauchomeka kibindoni. Akarudi Pemba. Baada ya miezi miwili akaja tena na gauni jekundu lenye marinda. Zaina alilivaa akazunguka uani kama pia, sisi sote tukacheka, na mama akacheka pia, ingawa aliingia ndani mapema. Asubuhi yake Zaina akaondoka na shangazi. Alikuwa na miaka kumi na moja. Nililia kwa sababu sikupata gauni. Habari ya kwamba dada hatarudi jioni niliielewa siku tatu baadaye, nilipoona mama amekilalia kitanda cha Zaina.

Tangu hapo nikajua utaratibu. Hakuna aliyenifundisha, niliupanga mwenyewe kichwani na nikaukariri kuliko jedwali la kuzidisha: kwanza unatokea mtu asiye na mtoto, halafu unapimwa, halafu unavikwa, halafu unakwenda.

Haukupita muda mama akanishika mkono tukaenda kanisani. Nasema kanisani, lakini sisi ni Waislamu, na mama alijua majirani watasema, na walisema. Upande wa nyuma wa kanisa palikuwa na banda jipya la bati waliloliita kituo. Watoto wa dini zote walipokelewa, mradi wawe wa nyumba zilizozidiwa. Mwalimu wangu wa chuo, alipoulizwa na mama, alisema elimu haina ubaya, ila mtoto asikose Kurani alasiri. Mama akaniambia, "Kasikilize, usidharau la mtu, urudi nyumbani." Huo ndio wosia wote niliopewa.

Pale kituoni alikuwapo Mama Agnesi, Mbondei mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimwuliza mama maswali: mnakula mara ngapi, nyumba imeezekwa kwa nini, aliyekufa alikuwa na kazi gani. Mama alijibu akiangalia vidole vyake vya miguu. Aliulizwa pia ana watoto wangapi nyumbani. Akasema mmoja. Nikageuka kumtazama, maana mimi nilijua ni wawili.

Kisha Mama Agnesi akanisimamisha kwenye nguzo iliyochorwa mistari akanipima urefu. Akanipandisha kwenye mizani. Akanipa kibao chenye namba nikishike kifuani, na kijana mmoja akanipiga picha. Nikajaribu kutabasamu, lakini kibao nilikipandisha mpaka kikanifika kidevuni. Mama Agnesi akamwambia mama kuwa picha yangu itapelekwa Ulaya, na akipatikana mfadhili tutaitwa.

Njiani nikamwuliza mama mfadhili ni mtu gani. Akasema ni mtu wa mbali atakayenisomesha. Nikamwuliza kwa nini anisomeshe mimi. Mama akasema, "Mungu anajua." Mama alikuwa amechoka, alikuwa akitoka huko akalime kibarua shamba la watu, na hakujua kuwa swali langu lilikuwa na meno.

Mfadhili akapatikana. Alikuwa mwanamke wa makamo, amepigwa picha mbele ya nyumba kubwa isiyo na mtu hata mmoja mlangoni, wala kuku. Mama Agnesi akanisomea barua yake kwa Kiswahili. Alisema ananipenda, ananiombea, anafanya kazi katika maktaba. Alisema hana mtoto. Mama Agnesi alilisoma neno hilo kama maneno mengine akaendelea na lililofuata. Mimi sikusikia tena kitu. Nilibaki kuitazama ile nyumba tupu nikitafuta dirisha ambalo ningelala.

Sitaki mdhani nilichukia kituo. Nilikipenda, na hapo ndipo penye shida. Kila Jumamosi tulipewa uji wa moto wenye maziwa ya unga, tukaimba, tukafundishwa kusoma na kuandika kwa subira ambayo shuleni haikuwapo. Walinipa sare ya shule. Kabla ya hapo mwalimu wa zamu alinirudisha nyumbani mara nyingi mpaka nikazoea kugeuka mwenyewe nikimwona getini. Nilipougua malaria, Mama Agnesi alinipeleka zahanati na cheti cha kituo, nikachomwa sindano bila mama kuulizwa amekuja na nini. Wakati mwingine nilimwona mama akikaa mlangoni hafanyi chochote, amepumzika tu. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu baba afe. Nami nikiyaona hayo yote nilizidi kuogopa, maana nilijiambia kuwa mtu hatoi vingi hivyo bila kuja kuchukua chake.

Basi nikaanza kujihami. Kila baada ya miezi mitatu tulipimwa kwenye ile nguzo, na mimi nilijifunga kanga ya mama mpaka chini, nikakunja magoti ndani yake. Nilikuwa hodari. Mgongo wima, uso mbele, magoti chini. Mara ya kwanza kadi yangu ya vipimo ikaonyesha sijakua. Mara ya pili ikaonyesha nimepungua. Mama Agnesi aliitazama kadi, akanitazama mimi, akafuta miwani akatazama tena. Nilidhani nikiwa mfupi na mwembamba yule mfadhili atanikataa, kama mtu anavyoacha kuku mwembamba gulioni. Kwa hiyo uji nao nikawa nakunywa nusu, nusu nawamwagia kuku wa padri. Njaa naijua, nimekua nayo, lakini njaa ya kumwaga uji wako mwenyewe ina uchungu wake.

Ikaja zamu ya kuandika barua. Watoto wenzangu waliandika kuwa wanapenda kuimba na wana mbuzi. Mimi niliandika kuwa ninakojoa kitandani, ninaiba sukari, na ninaugua kila wiki. La kukojoa lilikuwa kweli, mengine nilitunga. Nikamalizia kwa kumshauri achukue mtoto mwingine, nikamtajia na jina, binti mmoja wa jirani aliyeniudhi. Mama Agnesi aliisoma mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mbona unajisema vibaya hivi? Nani amekuambia wewe ni mtoto mbaya?" Nilihofia nikisema ukweli atamwandikia yule mwanamke aje haraka kabla sijatoroka. Akanipa karatasi nyingine, akaketi karibu nami, na mkono wangu ukaandika mambo ya mbuzi ambaye hatukuwa naye.

Halafu likaja gauni.

Mfadhili alituma zawadi, na kituo kikanunua kitambaa cha maua ya manjano. Fundi wa kanisa aliwakatia watoto wengi kwa pamoja, hakutuita mmoja mmoja, alifuata vipimo vya kwenye kadi. Nilikabidhiwa limekunjwa, lina ile harufu. Mama Agnesi akasema, "Jumamosi utalivaa tukupige picha, akuone." Akuone. Nililipeleka nyumbani. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akaliweka chini kabisa ya sanduku lisichafuke kabla ya picha. Alikuwa na furaha ambayo niliiona ni ile ile aliyokuwa nayo siku ya gauni la Zaina. Nikangoja aende kibaruani, nikalitoa sandukuni, nikakimbia nalo mpaka kwenye korona iliyokufa. Mashine zilikuwa zimesimama, popo wamehamia, na nyuma ya gurudumu moja kubwa palikuwa na debe tupu la grisi. Nililisokomeza humo. Kama hakuna gauni, hakuna safari. Ndivyo nilivyojua.

Jumamosi nikamwambia Mama Agnesi kuwa mama bado hajalipiga pasi. Jumamosi iliyofuata nikasema mama anaumwa. Ya tatu sikwenda kabisa. Nilikaa nyuma ya korona mpaka nikasikia wenzangu wakirudi. Ya nne nayo sikwenda. Nyumbani nilisema picha zimeahirishwa. Mnajua uongo wa mtoto, hauna mguu wa kusimamia, kila siku unatafuta wa kuuegemeza. Nilikuwa silali vizuri, na kitanda kililowa karibu kila siku.

Ndipo Mama Agnesi akanikuta shuleni akanipa barua nimpelekee mama, imekunjwa mara mbili. Nikaifungua njiani. Ilisema nimekosa mara mbili mfululizo, na kanuni ni mara tatu. Ilisema kadi yangu inaonyesha sikui, na wanaogopa kuwa ninavyopewa vinaliwa na wengine. Jumamosi ijayo nifike na gauni langu na mama yangu. Nisipofika, nafasi itakwenda kwa mtoto mwingine, maana wanaongoja ni wengi.

Niliisoma mara tatu nikasimama. Hiki ndicho nilichokuwa nikikiomba, na kilipofika sikukifurahia. Niliyaona yote yakiondoka kwa pamoja, sare, uji, zahanati, na mama aliyekaa mlangoni amepumzika. Lakini kuivaa ile nguo sikuweza.

Mama hakujua kusoma. Niliporudi aliiona karatasi mkononi mwangu, akafuta mikono, akaketi, akaniambia nimsomee. Nikamsomea kuwa wanasema nasoma vizuri, na wanamsalimu sana. Mama akatabasamu. Akaichukua ile barua akaiweka ndani ya msahafu wa baba, mahali pa vitu vya maana. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo ndilo ninalolionea haya mpaka leo.

Ijumaa, siku moja kabla ya ile Jumamosi, shangazi Mize akaja. Nilitoka chuoni alasiri nikamkuta ameketi kwenye mkeka uani, peke yake. Nikampa shikamoo, na macho yangu yakamtafuta Zaina nyuma yake. Shangazi akasema Zaina hajambo, amebaki kwenye uchumaji wa karafuu, anatusalimu. Akanivuta karibu, akanipapasa mbavu kidole kwa kidole, na uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimekonda kweli. Miezi ile ya kumwaga uji ilikuwa imeandikwa mwilini.

"Wifi," akamwambia mama, "mtoto huyu keshakwisha. N'pe n'kamlee pamoja na dadake. Hapa utamzika."

Hakusema kwa ubaya. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana mtu mwema ni vigumu kumkatalia. Mama alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Akaendelea kusuka kitambo, kisha akauweka chini.

"Zaina nilikupa, wifi, kwa sababu sikuwa na kitu, na wewe ulimtaka kwa mapenzi. Sikulaumu. Lakini huyu sikupi. Huyu nina watu wanaonishika mkono."

"Wa kanisa."

"Wa kanisa, ndiyo."

"Basi wao ndio wanaomlea mtoto wa kaka yangu?"

"Hawamlei wao," mama akasema. "Namlea mimi. Wanachonipa ni cha kunifanya nisimtoe."

Nilikuwa nimesimama kati yao, na nilihisi kitu kikigeuka ndani ya kichwa changu polepole, kama mlango uliokuwa umevimba kwa mvua. Lakini mazungumzo hayakunisubiri. Shangazi akataka kuona hao watu wamempa nini mtoto ambaye mbavu zinahesabika. Mama akatoa sare yangu, akatoa madaftari. Shangazi akatikisa kichwa. Hayo ni ya shule, akasema, hayashibishi mtu. Mama akasema lipo na gauni jipya kabisa, la kitambaa cha dukani, ngoja alione. Akaingia ndani. Tukamsikia akifungua sanduku.

Alikawia. Kisha akalitoa sanduku lenyewe nje, akaanza kutoa kimoja kimoja: kanzu ya baba, kofia yake, shuka, sanda aliyokuwa amejiwekea. Alivipanga juu ya mkeka mpaka sanduku likabaki tupu, halafu akaanza kuvikung'uta upya, kana kwamba gauni linaweza kujificha ndani ya kofia. Shangazi hakumcheka. Aliangalia pembeni, kama mtu anayemsitiri mwenzake aliyeanguka. Niliona jinsi mama anavyoonekana mbele ya wifi yake: mwanamke maskini anayesema uongo ili asinyang'anywe mtoto. Aliinua uso akanitazama mimi.

"Gauni liko wapi, mwanangu?"

Nilikimbia. Nadhani walidhani nimetoroka, na nilimsikia shangazi akiita. Niliingia koronani, popo wakaruka, nikatia mkono kwenye lile debe bila kuogopa nge. Gauni lilikuwa limepata doa la grisi, na panya walikuwa wametafuna upindo wa mkono mmoja. Nikalivaa pale pale juu ya nguo zangu, nikarudi mbio, nikasimama mbele yao nikihema.

Lilikuwa fupi. Lilikatwa kwa kipimo cha mtoto aliyekunja magoti, na mimi sasa nilikuwa nimesimama wima. Lilinifika juu ya goti kabisa, na miguu yangu miembamba ikachomoza chini yake.

"Mbona fupi?" shangazi akauliza.

Hapo nikasema yote. Nilisema haraka na vibaya, nikianzia katikati: magoti, uji, kuku wa padri, nyumba isiyo na watu, kwamba yule mwanamke hana mtoto, kwamba nimepimwa na kuvikwa na sasa ilikuwa imebaki safari. Nilimwambia mama nilidhani amenitoa. Mama akaziba mdomo kwa kanga. Shangazi alikuwa amenitolea macho, na nilijua ameelewa kuliko mama, maana uzi wenye mafundo ulikuwa wake. Kisha nikachukua msahafu wa baba, nikaitoa ile barua, nikaisoma tena, safari hii neno kwa neno mpaka mwisho. Nilipofika pale pa kusema vinaliwa na wengine, mama alifumba macho. Nikamalizia na ile Jumamosi ijayo, ambayo sasa ilikuwa kesho.

Shangazi ndiye aliyetangulia kusogea. Akaniambia, "Vua." Nikalivua. Akaligeuza nje ndani, akautazama upindo wa chini, akamwomba mama sindano. Fundi wa kanisa, Mungu amweke, alikuwa ameacha upindo mpana kwa ajili ya watoto wanaokua. Shangazi akakaa akaufumua wote, akaukunja upya mwembamba, akashona kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama wa kofia ya harusi. Pale palipotafunwa na panya akatia kiraka kutoka kwenye leso yake mwenyewe. Mama alichukua majivu akasugua doa la grisi. Walifanya kazi, wifi na wifi, mpaka adhana ya magharibi. Shangazi alipomaliza aliukata uzi kwa meno, akanivisha mwenyewe, akalivuta kidogo chini likakaa. Lilinifunika goti. Alikuwa amevuka bahari kuja kunichukua, na aliishia kunishonea nguo ya kubaki.

"Nenda nalo kesho," akasema. "Na ukipimwa, simama."

Kesho yake tukaenda mimi na mama. Mama Agnesi alitusikiliza, na mama ndiye aliyesimulia, kwa sauti ambayo nilikuwa sijapata kumsikia nayo mahali pale. Haikuwa ile ya kutazama vidole. Mama Agnesi alivua miwani, akaniomba radhi. Mtu mzima kumwomba radhi mtoto, sikuwa nimeona. Alisema alifundishwa kueleza mambo mengi kwa wazazi, lakini hakuna aliyemwambia awaeleze watoto kuwa hawaendi popote. Tangu siku hiyo kila mtoto mpya alipoandikishwa, kitu cha kwanza alichoambiwa ni hicho: utalala kwenu. Nilipopimwa nilisimama wima. Katika miezi mitatu, kadi ilionyesha, nilikuwa nimekua kwa kiasi ambacho hakipo duniani.

Yule mwanamke wa maktaba alinisomesha mpaka kidato cha nne, na kituo kikanisaidia chuo cha ualimu. Hakuja hata siku moja, wala sikubatizwa, wala hakuna aliyenilazimisha. Aya za Biblia nilizokariri kituoni bado nazijua, na sura za Kurani nilizokariri chuoni nazijua pia. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Nikimwona mtoto anakosa maksi kwa makusudi, simchapi, namwuliza anaogopa nini.

Zaina alilelewa vizuri. Sitaki mtu aseme shangazi alimtesa, maana hakumtesa. Alimpenda, alimfundisha kushona, alimwoza kwa heshima akiwa na miaka kumi na sita. Shule hakupelekwa, ilikuwa mbali na wakati wa karafuu mikono ilihitajika. Nilipojua kuandika vizuri nikawa namwandikia barua, na alizipeleka kwa mtoto wa jirani zikasomwe. Kwa hiyo kuna mambo ambayo sikuweza kumwandikia dada yangu kamwe. Alipokuja kwenye arobaini ya mama, tulikaa wawili tukichambua mchele, akaniuliza, kwa upole tu, kwa nini mimi nilibaki. Nikamwambia nilikuwa mdogo. Alikubali jibu hilo, au alinihurumia.

Jibu la kweli nilikuwa nalo, nilikaa nalo tangu siku ile shangazi alipoondoka Maramba peke yake. Tulimsindikiza mpaka alipopata lori la kwenda Tanga, tukarudi. Mama akaketi kumenya muhogo. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyeponea, na furaha ya namna hiyo haina adabu. Nikamwuliza mama mbona hakumpeleka Zaina kituoni kwanza, yeye ndiye mkubwa, tungebaki wote.

Mama hakuinua uso.

"Zaina aliondoka mwezi wa Mfungo Tano," akasema. "Wale watu walikuja kufungua kituo mwezi uliofuata, Mfungo Sita."

Akachukua muhogo mwingine akaendelea kumenya.